Mzigo wa Theluji na Dhamana ya Dereva

Siku ya Krismasi ya mwaka 2005, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, bamba la barafu liling'oka juu ya lori lililokuwa mbioni, likapasua kioo cha mbele cha gari dogo na kumwua mwanamke aliyekuwamo. Kwa miaka mingi baada ya msiba ule, sheria ya jimbo hilo ilimwadhibu dereva pale tu barafu yake ilipokwisha kuua mtu au kumjeruhi vibaya, hata mwenye gari lililobeba theluji ya kimo cha shubiri aliweza kumpita askari mchana kweupe asiulizwe neno. Mwaka 2022 sheria ikageuzwa: sasa dereva ana saa 24 tangu theluji ikome kuanguka awe amekwisha kuiondoa, na akikutwa nayo njiani hutozwa faini ya dola 50, ijapokuwa hakumdhuru mtu. Wapo wanaolalamika kwamba huku ni kumhukumu mtu kwa kosa lisilotokea bado. Mimi naona kosa limekwisha kutokea saa ile ile dereva alipowasha gari akaondoka. Kinachobaki baada ya hapo ni bahati tu, njema au mbaya, ya mtu mwingine asiyekuwa na hiari yoyote katika jambo hilo.

Mtu asiyepata kuishi katika baridi ya kaskazini huenda akadhani theluji ni kitu chepesi kama sufi, na ile iliyoanguka usiku huo huo aghalabu ndivyo ilivyo. Walakini ikikaa juu ya paa siku mbili tatu, jua likaiyeyusha kidogo mchana na usiku ukaigandisha tena, au joto la ndani ya gari likalowesha tabaka ya chini kisha gari likalala nje, hugeuka kuwa bamba gumu lililotanda paa zima. Asubuhi dereva huwasha joto ndani ya gari, bati la paa likapata moto, na kule kushikamana kwa barafu na bati kukalegea. Akiingia barabara kuu na kuongeza mwendo, upepo hupenya chini ya ukingo wa mbele na kulinyanyua bamba lote. Anayepigwa ni yule anayefuata nyuma, ambaye, kwa kuwa naye yumo mbioni, hulipokea kwa nguvu za mwendo wake mwenyewe. Na mwenye theluji pia hasalimiki daima: akifunga breki kwa ghafula penye taa, theluji ya paani huporomoka mbele juu ya kioo chake, akawa kipofu katikati ya njia panda.

Kazi inayozuia haya yote ni ya dakika chache. Brashi yenye mpini mrefu huvuta theluji ya paani kuelekea ubavuni, kisha ya boneti, kisha hufutwa taa za mbele na nyuma na namba ya gari, na vioo vyote hukwanguliwa, si tundu dogo mbele ya macho ya dereva. Kanuni za Barabara za Uingereza, katika kifungu cha 229, zinamtaka dereva afanye mambo haya kabla ya kuondoka, na kuhusu theluji ya juu zinasema iondolewe ile inayoweza kuwaangukia watumiaji wengine wa njia. Najua udhuru unaotolewa. Wako Wakenya wengi wa Lowell, Massachusetts, na Wakongo wa Portland, Maine, wanaotoka alfajiri katika zamu ya usiku ya kuwauguza wazee, miguu imekufa ganzi, na gari limefukiwa. Uchovu wao ni wa haki na nauonea huruma. Lakini mama anayempeleka mtoto shule nyuma ya gari hilo hakukubaliana nao kuubeba uchovu huo kwa uhai wake.

Jimbo la New Hampshire liliwatangulia wengi katika hili, baada ya msichana wa miaka 20 kuuawa mwaka 1999 kwa ajali iliyoanzishwa na barafu ya lori. Huko kuendesha gari lisilosafishwa huweza kuhesabiwa kuwa ni uzembe, na faini ya mara ya kwanza haipungui dola 250. New Jersey hutoza dola 25 hadi 75 pasipotokea dhara, na hadi 1,500 lori likileta maafa. Naipenda zaidi insafu ya New Hampshire, maana faini ndogo kiasi kile mtu huilipa akasahau.

Lakini penye malori nasita. Trela la futi 53 lina paa lipatalo mita za mraba 42, na barafu ya sentimita 1 tu juu yake hukaribia uzito wa kilo 400, nayo iko zaidi ya mita 4 kutoka chini. Kumwamuru dereva apande huko na fagio, juu ya bati linaloteleza, ni kuhamisha hatari kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Madereva wanaolia juu ya jambo hili wana hoja ya kweli. Fauka ya hayo, wengi wao hulipwa kwa maili, si kwa saa wanazozuiliwa uwanjani. Dawa ipo: kuna mitambo ambayo trela hupita chini yake polepole, na ubao ulioteremshwa hadi usawa wa paa ukasukuma theluji yote pembeni. Dereva hana uwezo wa kununua mtambo kama huo. Mwenye uwanja na mwenye malori wanao. Kwa hiyo faini ya trela iandikwe kwa jina la kampuni iliyoliruhusu litoke, si kwa jina la aliyeshika usukani peke yake, na serikali za majimbo zijenge mitambo hiyo penye mizani za barabara kuu, ambako malori husimamishwa kupimwa.