Surat Ar-Rahman Katika Nyumba ya Mchoraji wa London

Nyumba ya mchoraji Mwingereza Frederic Leighton, aliyefariki mwaka 1896, ilifunguliwa upya mjini London mwaka 2022 baada ya matengenezo makubwa, na sifa zikamiminika. Kwa nje ni matofali mekundu, kama nyumba nyingi za zama za Malkia Victoria. Lakini ndani mna ukumbi wa Kiarabu: kuba lililopakwa dhahabu, chemchemi ya marumaru meusi, madirisha ya kimia cha mbao, na kuta zilizojaa vigae vya buluu na kijani. Ukutani zimeandikwa aya za mwanzo za Surat Ar-Rahman.

Aliyezihifadhi aya hizo chuoni, huku bakora ya mwalimu ikimchungulia, hana budi kuuliza: zimefikaje pale?

Ukumbi ulijengwa baina ya 1877 na 1881 na George Aitchison, kwa kuiga kasri la Zisa la Palermo. Vigae vingi ni vya karne ya 16 na 17, vimetoka Damascus, nchi ya Sham. Mmoja wa waliomtafutia Leighton ni Richard Burton, yule yule aliyefika Mombasa mwaka 1857. Burton alimwandikia kuwa yu tayari kumbomolea nyumba apate vigae. Mzaha huo, kama ulikuwa mzaha, waniwasha.

Katika vigae mna ndege waliokwaruzwa mstari shingoni. Hao "walichinjwa" na mcha Mungu aliyechukia kukaa na sura za viumbe wenye roho. Jina lake halikuandikwa, wala la mfinyanzi. Shahrzad Ghaffari, mzaliwa wa Iran aliyechora ukuta wa ngazi mpya, yeye ametajwa, na ni haki yake.

Watasema lau si Leighton vigae vingevunjika. Pengine, vita vilivyoanza Syria mwaka 2011 havikusaza mengi. Lakini kuokoa ni jambo moja, kubomoa ili uokoe ni jingine.

Na sisi je? Tazama makaburi ya nguzo ya pwani yetu, mashimo ya mviringo palipobanduliwa mabakuli ya Kichina. Mtaani kwetu uling'olewa mlango wa nakshi, wenye Bismillahi kwenye kizingiti cha juu. Hakuja Burton. Waliuza warithi wenyewe, mchana kweupe, wakatia mlango wa bati, na fundi aliyeuchonga ule wa kwanza alikuwa babu yao.