Waraka kwa wanachama: Tusitoe tena kreatinini bila umri

Ndugu zangu wa maabara,

Kamati imeniomba niwaandikie kuhusu upimaji wa bure wa Siku ya Figo Duniani, Alhamisi ya pili ya Machi. Mambo ya hema, viti na maji ya kunywa mtayapata kwa mweka hazina. Mimi nina neno moja tu, nalo linaanzia kwenye fomu.

Chukueni rundo la fomu za jana mhesabu ni ngapi ambazo mahali pa umri pameandikwa "mtu mzima". Nilijaribu kuhesabu za kwetu wiki iliyopita nikakata tamaa njiani. Kwa malaria si neno, vimelea havibagui umri. Kwa kreatinini ni kumpa daktari namba isiyosomeka.

Nina kisa ambacho sijivunii. Mama mmoja wa miaka 70 alitolewa damu, mashine ikasoma kreatinini 97. Kiwango kilichochapwa kwenye karatasi yetu kilikuwa kimoja kwa watu wote, 53 hadi 115. Sikuona nyota wala mshale, nikatia saini. Mama akaandikiwa diclofenac ya magoti, akaendelea nayo kwa miezi. Aliporudi miguu imevimba ndipo nilipokaa na kalamu. Hiyo 97, kwa kijana wa kiume wa miaka 25, ni kasi ya uchujaji ya mililita 96 kwa dakika. Kwa mama yule ni 54. Damu mbili, namba moja, figo tofauti kabisa. Na chini ya 60, ikidumu zaidi ya miezi mitatu, tunaiita ugonjwa sugu wa figo.

Mnajua sababu, ila tunaisahau tukiwa na sampuli mia moja mezani. Kreatinini ni taka ya misuli. Kiasi chake kwenye damu kinategemea figo zinatoa kiasi gani, na pia misuli inazalisha kiasi gani. Ni sawa na kuangalia uchafu wa uani: uwanja ukiwa safi, labda mfagiaji ni hodari, labda nyumba haina watoto. Bibi aliyekonda anazalisha kidogo, hivyo figo zake zinaweza kupoteza karibu nusu ya kazi na karatasi bado ikasema yuko sawa. Kijana anayebeba magunia sokoni naye anaweza kuonekana mgonjwa wakati ni mzima kama chuma.

Umri na jinsia ndivyo vinavyotusaidia kukisia misuli hiyo. Kanuni za kukadiria kasi ya uchujaji kwa kutumia vitu hivyo ni nyingi. Ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976 ilitokana na wanaume 249, na inataka uzito. MDRD ya mwaka 1999 ilitungwa kwa wagonjwa ambao figo zao zilishaharibika, kwa hiyo ukiwapimia watu wazima wa afya waliopanga foleni uwanjani inawashusha bila haki. CKD-EPI ilikuja mwaka 2009 ikiwa imechanganya wagonjwa na wazima, na mwaka 2021 ikarekebishwa. Hiyo ya 2021 ndiyo tutakayotumia. Inataka kreatinini, umri na jinsia, basi.

Kwa nini si ya zamani? Kwa sababu ya kile kisanduku cha rangi. MDRD iliongeza asilimia 21 kwa kila mtu mweusi, CKD-EPI ya 2009 ikaongeza karibu 16, kwa dhana iliyotoka kwa Wamarekani weusi. Mrudieni mama yangu wa miaka 70: kwa MDRD isiyo na rangi anapata 49, ukitia tiki kwenye kisanduku anapanda hadi karibu 60. Tiki moja nusura imtoe kwenye ugonjwa, na figo hazijabadilika hata chembe. Afrika Kusini walishaonyesha tangu 2008 kwamba kanuni inafanya vizuri zaidi kwa watu weusi wa huko bila nyongeza hiyo. Bado naikuta kwenye simu za vijana wetu, kwenye vikokotoo walivyopakua miaka iliyopita. Ifuteni.

Wala msidhani kwamba tukiondoa rangi tumefika. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini, ambako watu walichomwa dawa ya ioheksoli na damu yao ikafuatiliwa kwa saa kadhaa ili kuona figo zinachuja kwa kasi gani hasa. Kanuni za kreatinini ziliwapandisha watu kuliko hali halisi, hivyo wagonjwa wengi wakapita wakionekana wazima. Sistatini C, isiyotegemea sana misuli, ilifanya vizuri zaidi, lakini ni nani kati yetu ana vitendanishi vyake kabatini? Tutumie tulichonacho tukijua kinapendelea upande gani. Kwa mtu aliyekonda, 65 isitupe usingizi mzito.

Hata kanuni nzuri ni makadirio. Inasifiwa ikiwa majibu kama tisa kwa kumi yanaangukia ndani ya asilimia 30 ya kasi halisi. Ukiandika 60, kasi halisi inaweza kuwa 46, inaweza kuwa 86. Ndiyo maana siku ile hakuna mtu atakayeambiwa chini ya hema kwamba ana ugonjwa wa figo. Aliye chini ya 60 atapewa karatasi ya kurudia, akikutwa tena chini ndani ya wiki chache apelekwe kwa daktari, na baada ya miezi mitatu ndipo jina la ugonjwa litajwe. Na kila mtu atoe mkojo upimwe albumini, kwa sababu figo inaweza kuvuja huku kasi ikiwa 100.

Waulizeni wamekula nini. Nyama iliyopikwa inapandisha kreatinini kwa saa kadhaa, na Machi ni msimu wa harusi kwetu. Aliyetoka kwenye pilau jana usiku aje kesho yake. Waulizeni pia dawa. Dolutegravir iliyomo kwenye TLD, na hata Septrin, vinazuia figo kutupa kreatinini bila kupunguza uchujaji wenyewe, namba ikapanda kidogo bila madhara. Lakini kwenye kidonge hichohicho cha TLD kuna tenofoviri, ambayo inaweza kudhuru figo kweli. Sisi tuandike dawa pembeni ya jibu, daktari aamue. Mwenye kisukari tumtazame kwa makini: mbinu ya Jaffe, ya tangu 1886, ambayo wengi wetu bado tunaitumia, husoma ketoni na kuziita kreatinini.

Turudi kwenye umri. Wazee watawaambia hawajui. Tazameni kwanza kitambulisho cha taifa. Kisipokuwepo, msiulize "una miaka mingapi", ulizeni "Uhuru ulikukuta unafanya nini?" Aliyekuwa akichunga mbuzi peke yake mwaka 1961 hawezi kuwa na miaka 60 leo. Vita vya Kagera vinasaidia kwa wanaofuata: alikuwa ameolewa? Alikuwa na mtoto mgongoni? Kukosea miaka mitatu hakubadilishi jibu sana. Kukosea ishirini kunabadilisha.

Fomu mpya zina mahali pa umri kwa tarakimu. Kuanzia Jumatatu, kwetu hapa, isiyo na umri hairudishwi kwa mgonjwa, inarudishwa kwa aliyeiandika, na damu itatunzwa kwenye friji ikimsubiri. Najua mtanunua ugomvi na baadhi ya matabibu. Waleteni kwangu.

Na kila mmoja aje kwenye kikao chetu kijacho na daftari la majibu la miezi sita iliyopita. Tutatafuta wanawake wa zaidi ya miaka 60 wenye kreatinini ya 85 na kupanda, tukokotoe upya, na walioacha namba za simu tuwapigie. Daftari letu nimeshalianza. Nimefika ukurasa wa kumi na mbili, na nina majina tisa.

Wenu,
Katibu wa tawi