Kidonda cha kisukari: maabara kabla ya msumeno

Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini – Kidonda kidogo mguuni kinaweza kumfanya mgonjwa wa kisukari akatwe mguu. Sukari iliyozidi huharibu mishipa ya fahamu, asisikie maumivu. Damu nayo hufika kwa shida, pamoja na dawa iliyomo.

Bakteria wa vidonda hivi ni wengi. Stafilokoka hujulikana zaidi, lakini Klebsiella na Pseudomonas pia huwemo, nao hawafi kwa amoksisilini inayouzwa madukani bila karatasi ya daktari. Mgonjwa humeza vidonge, kidonda kikizidi kuoza.

Kumjua bakteria ni kuotesha sampuli maabara, kazi ya siku 2 au 3. Mashambulizi ya ADF yameifanya safari ya kutoka vijijini kuwa ya hatari, na wengi hufika wamechelewa.

Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, miji hii iliwekewa maabara zilizotoa majibu kwa saa chache. Kisukari hakiambukizi, hivyo hakivuti wafadhili vile. Hata hivyo, kuotesha usaha ni gharama ndogo kuliko mkulima kupoteza mguu.