Wapagazi wa Vita Kuu Nao Watafutwe

Marekani na Vietnam zilianza kutafuta mabaki ya wanajeshi wa Marekani kwa pamoja mwaka 1988, hata kabla hazijarudisha uhusiano wa kibalozi. Wanachimba pale ndege ilipoanguka, wanachekecha udongo, wanawahoji wazee wa vijijini. Kikipatikana kipande cha mfupa, kinapelekwa maabara kulinganishwa na vinasaba vya ndugu. Zaidi ya Wamarekani 1,000 waliopotea katika Vita ya Vietnam wameshatambuliwa. Siku hizi Marekani nayo inaisaidia Vietnam kuwatambua watu wake, ambao ni wengi zaidi.

Nikisoma habari hizo namfikiria kaka wa babu yangu, wa Mpwapwa. Alichukuliwa mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, kuwabebea Waingereza mizigo kuelekea Rufiji, akaacha mke na mtoto anayetambaa. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amefia wapi. Baba alinisimulia kwamba wazee walikataa kumpa mjukuu yeyote jina lake. Jina hurithiwa kwa marehemu, na huyu hakuna aliyekuwa na hakika kama amekufa.

Wapagazi wa upande wa Uingereza peke yao wanakadiriwa kufa karibu laki moja. Risasi iliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, huku mzigo ukiwa kichwani. Wajerumani nao walikamata watu wetu, na Wabelgiji na Wareno vivyo hivyo. Vita ilipokwisha, mzungu aliyefia hapa alichongewa jiwe lenye jina lake. Kwa Waafrika, wakubwa waliamua kwamba sanamu zingetosha: Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ile ya Dar ipo mpaka leo, si mbali na Kariakoo, walikopiga kambi wapagazi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Niliipokea radhi ile kwa moyo mweupe. Lakini radhi bila jina haimfikishii mjane wala kitukuu chochote.

Sidai mifupa. Bonde la Rufiji limefurika mara ngapi tangu wakati ule! Nadai majina, na majina hayawezi kukusanywa na nchi moja, kwa sababu mpagazi aliandikwa na yeyote aliyemkamata. Yaliyoandikwa yametawanyika London, Berlin, Brussels, Lisbon, Nairobi na Dar es Salaam. Mtu aliyetoroka kwa Mjerumani akaangukia kwa Mwingereza atapatikana tu nyaraka hizo zikisomwa pamoja. Tena aliyekufa chini ya Mjerumani ni wetu sawa na mwingine, asiachwe kwa kuwa bwana wake alishindwa.

Inawezekana. Huko Nairobi, Jeshi la Kenya na Tume ya Makaburi wamefukua kumbukumbu za King's African Rifles, kikosi cha kikoloni cha Waingereza, na kupata majina ya askari wa Vita Kuu ya Pili ambao hawakuwa wameandikwa kwenye mnara wowote. Kwa nini sisi Watanzania tusubiri kualikwa?

Najua atakayesema fedha za kutafuta majina zijenge zahanati. Zahanati zijengwe, na gharama ya utafutaji huu walipe waliowachukua watu.

Serikali yetu iitishe meza moja na nchi zenye nyaraka hizo, zinakiliwe na zifunguliwe bure kwa kila mtu. Wakati huo huo kila kata ifungue daftari, mtendaji aandike alichukuliwa nani, ukoo gani, akaelekea wapi. Dodoma, Morogoro na Lindi bado wapo wazee waliosikia hayo kwa midomo ya baba zao. Waanze na hao, mwaka huu, kabla ya mkutano wowote wa mabalozi.