Kalamu za Rangi Katika Daftari la Nyimbo

Juzi nilivuka feri kwenda Likoni kumtazama mpwa wangu, kijana anayejifunza kinanda. Nilimkuta na daftari la nyimbo limejaa rangi kama leso ya Idi. Nikadhani ni mchezo. Kumbe kila rangi ni kodi (si kodi ya nyumba wala ya serikali, bali zile sauti tatu au zaidi zipigwazo kwa pamoja). Nyekundu ni C, kijani ni F, samawati ni G. Silabi ambapo vidole vyatakiwa kuhama ndiyo hutiwa rangi.

Mzee mwenzangu niliyefuatana naye alicheka. Huu ni utoto, akasema; mpigaji hodari hupiga kwa sikio.

Mimi sikubaliani naye. Desturi ya kuandika herufi juu ya maneno ina ila yake. Chukua neno "mapenzi". Kodi yabadilika kwenye "pe", lakini herufi imeandikwa juu, na anayenakili kwa mkono huisogeza; mara iko juu ya "ma", mara imeipita "nzi". Daftari likipita mikono mitatu, wimbo umeharibika. Rangi haisogei, kwani imo ndani ya silabi yenyewe. Nasi watu wa pwani ni watu wa kuhesabu mizani, 16 kwa mshororo wa shairi, 8 kwa 8. Kosa la silabi moja kwetu si dogo.

Wala si jambo geni. Twasimuliwa kwamba Abul Aswad Ad-Duali, aliyefariki mwaka 69 Hijria (688), alitia nukta za rangi katika Mus-hafu kuonyesha irabu, ili watu wasikosee kusoma. Na siku hizi kuna misahafu ya tajwidi iliyopigwa chapa kwa rangi, nyekundu kwa madda, kijani kwa ghunna. Silinganishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na nyimbo, hasha! Nasema tu kwamba jicho husaidia ulimi, na vidole pia.

Wazee waliojua nyimbo hizi kwa sikio wanatuacha. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Waliokuwa wakiketi karibu na mabingwa kama hao hawakuhitaji kalamu ya rangi. Kijana wa leo ataketi kwa nani?

Hata hivyo, nilimwonya mpwa wangu kwa jambo moja. Asizipake rangi nyimbo za Zein l'Abdin. Udi hufuatana na sauti ya mwimbaji katika maqamu, humjibu na kumpamba. Haumtandikii kodi chini yake. Ukizilazimisha zikae juu ya C, F na G, utapata nyimbo za kuwaimbia watalii hotelini. Rangi ni kwa nyimbo zilizotungwa juu ya kinanda na gitaa. Kwa zile za udi, yatosha kuandika jina la maqamu pembeni, kisha usikilize kanda mpaka uchoke.

Kuna na ila nyingine, ambayo yeye mwenyewe aliigundua kwa aibu. Harusini Changamwe walitundika taa nyekundu. Alipofungua daftari, silabi zote za C zilikuwa zimetoweka, karatasi nyekundu na wino mwekundu. Alipiga wimbo mzima akibahatisha, na kina mama wakamtazama. Tena wako wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, nayo mashine ya kutoa nakala mara nyingi hutoa nyeusi tupu.

Kwa hivyo sasa, chini ya kila silabi yenye rangi, ametia herufi ndogo kwa penseli. Ameshafika wimbo wa kumi na moja. Kalamu ya kijani imemwishia, na nimemwahidi kumvushia nyingine nikienda Ijumaa.