Mbwa Mnene wa Dukani Si Sifa

Ndugu zangu wakulima na wenye maduka, leo tuwaache kidogo ng'ombe na kuku. Tumtazame mbwa anayelinda duka na paka anayelinda ghala, hasa wale walionenepa kupita kiasi. Wengi wetu huona unene huo kuwa ni sifa ya mwenye nyumba, kwamba kwake kuna chakula. Mimi nasema ni mzigo kwa mnyama na hasara kwa mwenye mali.

Mbwa aliyenenepa huhema haraka kwenye joto, viungo humuuma, na mwizi akipita hana mbio za kumfuata. Paka mnene huwa mzito, tena yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula kilekile, ila pungufu kwa robo kuliko wenzao. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maradhi ya viungo yalichelewa kuwapata.

Wengine wataniuliza: mbwa wengi kijijini wamekonda, iweje uhangaike na wanene? Ni kweli. Lakini aliyekonda na aliyenenepa wana shida moja: hakuna anayepima wanachokula. Mbwa wa dukani hufungwa mnyororo kutwa nzima. Asubuhi mama lishe humtupia ukoko wa ugali, mchana mwenye bucha humpa mafuta, jioni watoto humpa makombo. Haba na haba hujaza kibaba. Kila mmoja anaona ametoa kidogo tu.

Kumtambua ni rahisi. Kunja ngumi, upapase vifundo vyake: mbavu za mnyama zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, upapase mgongo wa mkono: mbavu zikipapasika hivyo, yuko sawa. Zikiwa zimefunikwa kama upande wa ndani wa kiganja, amenenepa. Kisha mtazame kutoka juu. Nyuma ya mbavu kiuno kinapaswa kuonekana. Ila tumbo kubwa peke yake si unene. Huenda ni minyoo, mimba au ugonjwa, kwa hiyo aonwe na daktari wa mifugo kabla hujampunguzia chakula.

Mizani unayo dukani. Pima uzito wako, kisha pima tena ukiwa umembeba mnyama, halafu toa. Andika kwenye daftari lilelile la madeni, na umpime kila baada ya wiki mbili.

Chagua mtu mmoja wa kumlisha na kopo moja la kupimia. Mpe mara mbili kwa siku, na majirani waombe wasimtupie kitu. Punguza ugali, wali na mafuta kidogo kidogo, lakini usimnyime chakula cha kujenga mwili kama dagaa wasio na chumvi. Maji yawepo wakati wote. Mfungue asubuhi na jioni umtembeze kwa kamba, mwanzo mwendo mfupi.

Usiwe na haraka. Mbwa apungue asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Mwenye kilo 25 apungue gramu 250 hadi 500, si zaidi. Paka naye usimfungishe kabisa kwa kudhani akishinda njaa atakamata panya wengi. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa. Akigoma kula siku nzima, mpeleke kwa daktari.

Akifikia uzito mzuri, kopo lisitupwe. Hapo ndipo wengi hulegea na unene ukarudi. Mnyama aliyehasiwa ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu mahitaji yake ya chakula hupungua.

Tunapima mbolea, tunapima dawa ya mahindi, na mteja tunampimia sukari hadi gramu ya mwisho. Mnyama anayelinda mali hiyo usiku naye anastahili kupimiwa chakula chake.