Barua ya Wazi kwa Rais wa NCAA: Mchezaji Aliyempiga Shabiki Asihukumiwe na Kocha Wake

Kwa Mheshimiwa Charlie Baker,
Rais wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, Indianapolis.

Tarehe 21 Januari 2020, katika ukumbi wa Allen Fieldhouse mjini Lawrence, timu ya mpira wa kikapu ya Kansas ilikuwa imeshaibwaga Kansas State. Silvio De Sousa, kijana mrefu kutoka Luanda, Angola, alikuwa anadunda mpira tu ili sekunde za mwisho zipite. Mchezaji wa timu ngeni akampokonya mpira na kukimbilia kapuni. De Sousa akamfukuza, akaupangua mpira, kisha akasimama juu ya mpinzani huyo aliyeanguka chini, akimtambia. Mabenchi yote mawili yakamiminika. Ugomvi ukavuka mstari wa mwisho na kuishia nyuma ya kapu, kwenye viti walivyotengewa mashabiki wenye ulemavu, na hapo ndipo De Sousa aliponyanyua stuli juu ya kichwa chake. Kocha msaidizi akamwahi kabla haijatua kwa mtu.

Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu hawezi kurukia safu ya nyuma. Barua hii inaandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa kwenye viti vile, na wengine kama wao, ambao hununua tiketi kwenda kushangilia vijana wa chuo na kujikuta ndani ya ugomvi wa vijana hao.

Siku iliyofuata ligi ya Big 12 ilimfungia De Sousa mechi 12. James Love wa Kansas State alipata 8, mwenzake Antonio Gordon 3, na David McCormack wa Kansas 2. Hukumu ilikuja haraka na haikuwa nyepesi. Lakini ilitoka kwenye ligi, wala si NCAA, na NCAA ilikuwa inamfahamu kijana huyo vizuri sana. Mwaka mmoja kabla, Februari 2019, ilikuwa imemfungia hadi mwisho wa msimu uliofuata kwa sababu mlezi wake alipokea dola 2,500 kutoka kwa wakala aliyehesabiwa pia kuwa mfadhili wa timu ya chuo, na akakubali kupokea nyingine. Rufaa iliyosikilizwa baadaye ilimpunguzia adhabu, lakini msimu mzima wa 2018–19 ulikuwa umeshampita. Kwa hela iliyoingia mfukoni mwa mtu mwingine, palikuwa na sheria iliyoandikwa, wachunguzi, kiwango cha adhabu na ngazi ya rufaa. Kwa stuli iliyonyanyuliwa katikati ya mashabiki wenye ulemavu, NCAA ilikaa pembeni na kuiacha ligi iamue.

Si kwamba vitabu vya sheria havina neno. Katika mpira wa kikapu, anayepigana hutolewa nje na kukosa mechi inayofuata. Akirudia, msimu wake umekwisha. Katika futiboli ya Kimarekani, anayepigana kipindi cha pili hukosa pia nusu ya kwanza ya mechi inayofuata. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya wachezaji wanaozipiga wao kwa wao mbele ya refa. Shabiki akiguswa, hasa baada ya kipenga cha mwisho, mambo huachiwa chuo, kocha na ligi, na hapo kila mmoja hupima kwa mizani yake.

Itazamwe kesi ya Marcus Smart. Tarehe 8 Februari 2014, mjini Lubbock, nyota huyo wa Oklahoma State aliangukia nyuma ya kapu mwishoni mwa mechi dhidi ya Texas Tech. Alipoinuka, shabiki mmoja alimwambia neno, naye akageuka na kumsukuma kwa mikono miwili. Shabiki alikiri baadaye kwamba alimtukana, akakana kwamba tusi lilikuwa la ubaguzi wa rangi. Smart alikaa mbele ya waandishi wa habari siku ya pili yake, akaomba radhi na kusema kosa ni lake. Big 12 ilimfungia mechi tatu. Shabiki naye aliomba radhi na kukubali kutokanyaga uwanjani hadi msimu uishe. Mechi ya kwanza ya Smart baada ya adhabu ilikuwa, kwa bahati ya ratiba, dhidi ya Texas Tech hao hao, na ilipita salama. Miezi michache baadaye Boston Celtics ilimchukua akiwa chaguo la sita, na mwaka 2022 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa NBA.

Hiyo ni kesi iliyokwenda vizuri: adhabu ilijulikana mapema, pande zote mbili ziliwajibika, na kijana hakuharibiwa maisha. Inasikitisha kwamba haikugeuzwa kuwa kanuni.

Mwaka 2009, LeGarrette Blount, mchezaji wa futiboli wa Oregon, alimpiga ngumi mchezaji wa Boise State aliyekuwa amemkejeli, mara tu timu yake ilipofungwa 19–8. Kosa hilo linakumbukwa na wengi. Kilichofuata hukumbukwa kidogo: picha ya ngumi ilirudiwa kwenye kioo kikubwa cha uwanja, jukwaa likamzomea, na Blount akawageukia mashabiki, hata askari na watu wa timu wakalazimika kumshika na kumkokota kuelekea vyumbani. Ilikuwa mechi ya kwanza ya Chip Kelly akiwa kocha mkuu. Kesho yake alimfungia Blount msimu mzima. Novemba alimrudisha, baada ya kumwekea masharti, na Blount akacheza dhidi ya Oregon State mahasimu wao, kisha Rose Bowl.

Kumpa kijana nafasi ya kujirekebisha ni jambo jema, na Blount aliitumia: hakuna timu iliyomchagua mwaka 2010, lakini aliingia NFL kwa mlango wa nyuma na kushinda Super Bowl mara tatu. Tatizo ni kwamba mtu yule yule aliyetoa adhabu ndiye aliyeipunguza, na ndiye aliyemhitaji uwanjani mechi zilipokuwa kubwa. Hata kama Kelly aliamua kwa moyo safi, hakuna shabiki wa Boise anayeweza kulijua hilo kwa hakika.

Kesi inayouma zaidi ni ya Knoxville, kwa sababu ni ya karibuni na kwa sababu adhabu haikuonekana kabisa. Tarehe 15 Oktoba 2022 Tennessee iliifunga Alabama 52–49 kwa teke la sekunde za mwisho. Uwanja wa Neyland unaingiza watu zaidi ya laki moja, na maelfu yao walimwagika ndani, wakang'oa milingoti ya goli na kwenda kuitupa mtoni. Katika msongamano huo, Jermaine Burton wa Alabama alionekana kwenye video akinyoosha mkono na kumpiga kichwani msichana aliyekuwa akimpita. Wiki moja baadaye Burton alikuwa uwanjani dhidi ya Mississippi State. Kocha Nick Saban aliwaambia waandishi kwamba kijana alikuwa na hofu, kwamba hata yeye mwenyewe aliogopa, kwamba Burton amepelekwa kwenye ushauri wa kudhibiti hasira, na kwamba hakuona haja ya kumsimamisha.

Hofu ile ilikuwa ya kweli, na atakayeibeza hajawahi kuzungukwa na umati. Lakini ushauri huo ulikuwa wa siri, mwamuzi alikuwa kocha mwenye mechi ya kushinda Jumamosi ile, na msichana aliyepigwa hakuwa na meza ya kupeleka malalamiko yake. Ligi ya SEC ilitoza faini ya dola 100,000, na aliyetozwa ni Tennessee, kwa kuacha watu wavamie uwanja. Tangu hapo faini imepanda hadi 500,000 kila uvamizi, nayo hufutwa iwapo wageni na waamuzi wametolewa salama kabla watu hawajaingia. Ni hatua nzuri, na inagusa chanzo. Ila fedha hizo huzunguka kati ya taasisi na taasisi, na mtu aliyepigwa hatajwi popote.

Rais Baker, aliyewahi mwenyewe kuvaa jezi ya kikapu pale Harvard, hahitaji kuelezwa upande wa mchezaji. Kyle Filipowski wa Duke aliumizwa mguu Februari 2024 mashabiki wa Wake Forest walipovamia uwanja. Mwezi mmoja kabla, mchezaji Caitlin Clark aligongwa na shabiki na kuangushwa pale Ohio State. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 2018 ilipofungua mlango wa kubashiri, wapo watu wanaowatumia wanafunzi matusi na vitisho kwa sababu mkeka wao umechanika, na Rais Baker amesimama hadharani kuyataka majimbo yapige marufuku kubashiri takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa chuo. Sauti hiyo hiyo inahitajika kwa upande wa pili wa uzio.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Vyuo vya Marekani vilimlea Henry Rono wa Kenya pale Washington State na Suleiman Nyambui wa Tanzania pale Texas El Paso. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akapitia Connecticut, na mwaka 2009 akawa chaguo la pili kwenye NBA. Wapo wazazi Eldoret na Mwanza ambao leo mtoto wao yuko huko kwa ufadhili wa michezo. Kibali chake cha kukaa nchini kimefungwa na masomo, na masomo na ufadhili. Pasipo kanuni moja, nyota akikosea hupewa mshauri wa hasira, na mchezaji wa akiba kutoka ng'ambo akikosea kosa lile lile anaweza kupoteza ufadhili, chuo na kibali kwa mpigo mmoja, bila hata wakili wa kumsemea. Kanuni iliyoandikwa ingemlinda shabiki na ingemlinda pia kijana huyo.

Wakati wenyewe unafaa. Tangu Jaji Claudia Wilken alipoidhinisha, Juni 2025, makubaliano kuhusu malipo ya wanamichezo wa vyuo, chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Panapolipwa ujira pana mkataba, na mkataba unaweza kusema wazi nini kitatokea mkono ukimfikia mtu aliye jukwaani.

Kwa hiyo NCAA inaombwa iandike adhabu ya chini kwa mchezaji yeyote, wa mchezo wowote, anayemshambulia shabiki, kabla au baada ya kipenga. Mechi tatu alizopewa Smart zinatosha kuwa sakafu. Ligi ikitaka kupandisha, ipandishe. Uamuzi utolewe ndani ya siku chache na jopo lisilo na mtu wa chuo husika, likimsikiliza mchezaji pamoja na mwakilishi wake, na likimsikiliza pia aliyepigwa, bila kulazimika kutaja jina lake hadharani. Adhabu imfuate mchezaji akihama chuo, maana sasa kuhama ni jambo la wiki chache. Chuo mwenyeji kilichoshindwa kuwatoa wageni salama kihesabiwe katika shauri hilo hilo, na shabiki aliyechokoza kwa tusi la rangi au kwa kumgusa mchezaji afungiwe kuingia uwanjani kwa muda ule ule. Na viti vya watu wenye ulemavu vilivyo nyuma ya makapu viwekewe walinzi kuanzia msimu ujao wa Novemba, bila kusubiri kanuni nyingine zipite kwenye kamati.